Nusu Nauli kwa Mwanafunzi, na Makanga Asile Hasara

Huku kwetu kusini mwa Pwani kuna usafiri mmoja ambao hakuna anayekuuliza una kitu gani mfukoni. Ukifika Likoni kwa miguu unateremka ule mteremko, unangoja feri ishushe mlango wake, unaingia, unavuka. Hulipi hata thumuni. Takwimu za kivuko kwa miaka mingi zimekuwa zikitaja takriban watu laki tatu kwa siku: muuza mboga, askari, karani wa bandari, mgonjwa anayekwenda Hospitali Kuu ya Pwani, mtoto wa shule na mkoba wake. Anayelipa ni mwenye gari, na upungufu unaobaki huzibwa kwa fedha za umma. Tumelizoea jambo hili mpaka tunalichukulia kama maji kupwa na kujaa, wakati ukweli ni kwamba waliketi watu wakaamua mtembea kwa miguu apite bure na mwenye gari atoe.

Nimeanza na feri kwa sababu kila mara ukitaja nauli ya mwanafunzi kuna mtu atakayekujibu kwamba haiwezekani. Inawezekana. Tunaiona kila siku tukiwa tumesimama juu yake.

Sasa mtoto huyohuyo aliyevuka bure akipanda kilima mpaka steji ya Likoni amekwisha kuwa mtu mzima, kwa hesabu ya nauli. Kuanzia hapo, Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni, Ramisi hadi Lunga Lunga, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanafunzi analipa kiasi fulani. Kenya serikali haipangi nauli za matatu. Bei ni ya sacco, ya mwenye gari, ya bei ya mafuta wiki hiyo, na mvua ikinyesha ni ya makanga peke yake. Siku shule zinapofungwa, ambayo ndiyo siku ya wanafunzi wengi kuliko zote barabarani, nauli hupanda. Mwanafunzi akilipa nusu, basi amekutana na roho ya huruma. Kesho yake roho hiyo iko safari nyingine.

Simama Ukunda asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, pale njia ya Diani inapoachana na barabara kuu. Makanga ananing'inia mlangoni: "Likoni, Likoni, ya haraka!" Tazama macho yake. Yanapita juu ya sare za shule kama vile hakuna mtu pale, yanamtafuta mama aliyevaa sare ya hoteli aliyetoka zamu ya usiku, au kijana mwenye begi la safari. Gari la kwanza linaondoka, la pili linaondoka. La tatu limebakisha kiti kimoja. "Nyinyi wawili, bebaneni!" Msichana mmoja anaketi, mwenzake anakaa juu ya mapaja yake, mkoba kifuani, kichwa kimegusa paa, na mkanda wa kiti umewekwa pembeni maana hauwatoshi wawili. Wamelipa nauli ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo nusu nauli tuliyo nayo kusini mwa Pwani: unaipata kwa kukaliana. Kanuni za Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 zilikuja na mikanda na viti 14 ili mambo kama haya yaishe. Kwa watu wazima yamepungua. Kwa watoto tumeyaachia, kwa sababu tunaona tunawasaidia.

Nitasema neno la kumtetea makanga, maana mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Gari lile si lake. Jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri, na kabla ya kuifikia ameshatoa ya mafuta, ya steji, na nyingine ambazo sote tunazijua na hatuziandiki. Tuseme nauli ni shilingi 100 na viti ni 14. Gari likijaa ni 1,400. Wakiingia wanafunzi wanne kwa nusu, 200 imepotea katika safari ile, na safari za asubuhi zenye abiria wa uhakika ni chache. Ukimwambia makanga awabebe watoto kwa nusu na asidai popote ile nusu nyingine, umemwomba yeye na dereva wake wagharamie elimu ya Kwale kutoka kwenye ujira wao wa siku. Hata mimi macho yangu yangepita juu ya sare.

Upande wa mzazi mambo ni mazito zaidi. Tangu 2018 serikali imekuwa ikihesabu shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, ili asilipe karo. Ni jambo jema, na wengi wetu watoto wetu wamesoma kwa sababu yake. Lakini ile pesa inaanzia getini. Kutoka mlangoni kwa mama mpaka getini ni juu ya mama. Mtoto anayelipa 50 kwenda na 50 kurudi anatumia 6,500 kwa muhula wa wiki 13, na kwa siku 180 za masomo ni 18,000. Ndiyo kusema nauli peke yake inakaribia kulingana na kile ambacho serikali nzima ya Kenya inampangia mtoto huyo kwa mwaka. Mwenye watoto wawili sekondari, na kazi ni ya kuuza mahamri au kuvua Gazi, anachagua: leo aende nani?

Na safari zinazidi kurefuka. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia shule za upili za juu Januari 2026, na sasa mwanafunzi anachagua mkondo: sayansi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Shule iliyo karibu na nyumbani huenda haina mkondo anaoutaka. Mfumo unamwambia mtoto wa Mwabungo afuate kipaji chake, nao haukumpa nauli ya kukifuata.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama husemezana vikaoni na likifika mbele ya mikutano ya hadhara linapoa. Mtoto asiye na nauli hakosi kabisa usafiri. Hupata lifti. Bodaboda wengi ni vijana wetu waungwana, wengine ni baba za watoto hawahawa, na wapo wanaobeba mwanafunzi kwa moyo safi. Lakini mwalimu yeyote wa shule ya wasichana kuanzia Kinondo hadi Lunga Lunga anajua kwamba lifti ya kila siku ina mwenyewe, na mwenyewe huja kuidai. Tumetumia fedha nyingi kwa semina za mimba za utotoni. Shilingi hamsini za asubuhi ni semina nzuri pia, na haihitaji ukumbi wala soda.

Ukivuka mpaka hapo Lunga Lunga ukaingia Horohoro, ndugu zetu Wadigo wa upande wa Tanga wana mpango mwingine. Tanzania nauli za daladala hupangwa na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliyoundwa 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, na ndani ya mpango huo mwanafunzi ana nauli yake. Desemba 2023 nauli za mjini zilipopanda, safari isiyozidi kilomita 10 ikatoka shilingi 500 hadi 600 za kule, ya mwanafunzi haikuguswa, ilibaki 200. Ni kama shilingi kumi za kwetu. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam nayo tangu yaanze 2016 yamekuwa na nauli ya mwanafunzi, na treni za abiria za mjini zilipoanzishwa 2012 mwanafunzi alipangiwa yake, chini ya ile ya mtu mzima.

Tungeweza kunakili hivyo hivyo, tukashangilia. Lakini aliyewahi kusimama kituo cha daladala Dar es Salaam asubuhi anaujua upande wa pili. Konda anasimama mlangoni na kuhesabu: wanafunzi wawili tu, wengine subirini. Au gari linasimama mbele ya kituo, watu wazima wanakimbilia, watoto wanabaki na mavumbi. Sababu ni ileile ya Ukunda. Sheria imempa mtoto nauli ya 200, lakini hakuna aliyemlipa konda ile 400 iliyobaki, kwa hiyo mtoto amekuwa abiria wa hasara, na abiria wa hasara hupandishwa mwisho. London ilipoamua mwaka 2005 kwamba watoto wa chini ya miaka 16 wapande basi bure, dereva hakupungukiwa kitu, kwa maana mamlaka ya usafiri ya jiji hubeba gharama. Dereva wa kule hana haja ya kutazama kama wewe ni mtoto au mzee.

Kwa hiyo ombi ninaloliweka mbele yenu, ndugu wasomaji wa Kwale, lina vipande viwili visivyotengana. Mwanafunzi alipe nusu. Na ile nusu nyingine iwe na mlipaji anayejulikana.

Mlipaji huyo, kwa maoni yangu, aanze kuwa serikali ya kaunti, na sisemi hivyo kwa sababu kaunti ndiyo iliyo karibu kulaumiwa. Fungueni Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010. Kazi za kaunti zimetajwa pale: barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, vivuko. Elimu ya sekondari ni ya serikali kuu. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisiendelee kutoa basari bila makubaliano rasmi na serikali kuu, mambo yalifika mahakamani, na wazazi wengi nchini wakakaa roho juu. Sisi wa Kwale tuna historia ndefu na basari. Mpango wa Elimu ni Sasa umepeleka watoto wengi sekondari na vyuoni, na kaunti imeutengea mamia ya milioni mwaka baada ya mwaka. Sitaki uguswe. Ninachosema ni kwamba karo ya mtoto wa sekondari kaunti inaweza kuulizwa inailipa kwa mamlaka gani, ila nauli yake imeandikwa ndani ya kazi zake. Hapa tuko kwenye ardhi ngumu kuliko hata kwenye basari.

Gharama? Chukua wanafunzi elfu mbili wa kutwa wanaosafiri kwa matatu, kila mmoja afidiwe shilingi 50 kwa siku, siku 180. Ni milioni 18. Si fedha ndogo, lakini weka karibu na yale mamia ya milioni uone inavyolala. Na kaunti haina haja ya kuitoa yote taslimu. Kila gari linalopakia Ukunda, Msambweni au Kinango hutozwa ada za steji na maegesho, na viwango hivyo huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Sacco inayokubali kwa maandishi kubeba wanafunzi kwa nusu, kila mmoja kwenye kiti chake, ipunguziwe ada hizo. Hapo makanga akiiona sare ataona pia risiti ya steji iliyopungua.

Namna ya kuhesabu isiwe ya kifahari. Tulishawahi kuletewa kadi za kielektroniki za nauli. Serikali ilitaka zianze Julai 2014, matatu zikazikataa, zikafa kimya kimya. Kuponi ya karatasi yenye muhuri wa shule, inayotolewa Jumatatu kwa wiki nzima, mwalimu akiandika nambari ya mwanafunzi, makanga akaikusanya na sacco ikaipeleka ofisi ya kaunti mwisho wa mwezi, inatosha kuanzia. Kuna watakaoghushi. Basari nazo zina wanaoghushi na hatukuzifunga. Ianze na njia moja, ya Ukunda kwenda Likoni au ya Msambweni kwenda Ukunda, kwa muhula mmoja, tuone kuponi ngapi zimerudi.

Kuna watoto ambao haya yote hayatawafikia, na ni uungwana tuseme mapema. Wa ndani ya Mivumoni, Mkongani, Ndavaya na sehemu kubwa ya Kinango hawana matatu ya kupanda kwa nusu wala kwa kamili. Wanatembea, na pembezoni mwa hifadhi ya Shimba Hills wanatembea wakisikilizia ndovu. Hao wanahitaji basi la shule na barabara, hilo ni ombi jingine, na yeyote atakayelitumia kulizima hili la nauli hawatakii mema wala hao wa Mivumoni.

Reli nayo isiachwe, japo sisi wa ufukweni hatuna kituo. Kijana wa Vanga aliyepata nafasi ya chuo kikuu Nairobi anapanda matatu hadi Likoni, anavuka, anapanda nyingine hadi Miritini, ndipo aikute Madaraka Express. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, kisha siku anapotimiza 12 Shirika la Reli humwona mtu mzima kamili, awe ni wa darasani au ni mfanyabiashara wa Kariakor. Umri huo ndio anaoanza sekondari ya chini, ndipo gharama zinapomwandama mzazi. Kitambulisho cha shule au chuo kinatosha kabisa kumtambua. Treni ni mali ya umma, makanga wake hana tajiri wa kumpelekea hesabu, kwa hiyo pale udhuru ni mwembamba zaidi. Wabunge wetu wanne, wa Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango, hili ni lenu, si la kaunti.

Wenye sacco, nawaomba msingoje sheria. Safari za saa tisa na saa kumi alasiri, kabla wafanyakazi hawajatoka, magari mengi hukaa steji yakisubiri kujaa. Saa hizo ndizo shule zinapotoka. Kiti kitupu hakina faida, mwanafunzi wa nusu ana faida. Andikeni ubaoni kwamba alasiri mwanafunzi mwenye sare ni nusu, na muwaambie vijana wenu wa mlangoni kwamba ni amri ya chama, wasiachiwe wao kuamua kwa sura ya mtoto. Wenye hoteli wa Diani wanaobeba wafanyakazi kwa mabasi yao, gari hilo likishashusha zamu ya asubuhi hurudi tupu kuelekea Ukunda. Zungumzeni na shule iliyo njiani mwenu. Na wanafunzi wa KMTC pale Msambweni, ninyi mna umri wa kusema wenyewe na kalamu ya kuandikia. Msikae mkawaachia wazazi.

Abiria mwenzangu wa kawaida, wewe na mimi, tuna kazi ndogo. Gari likimpita mtoto wa sare na wewe uko ndani, sema. Sema kwa adabu, "Mwanangu, mbebe huyo, kiti kipo." Makanga wa Pwani humsikiliza mtu mzima akisema bila matusi. Na mtoto akiambiwa abebwe mapajani ilhali wewe una mfuko wa viazi juu ya kiti, mfuko ushuke chini.

Lakini kubwa ni karatasi. Katiba, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu mtu yeyote kuliombea jambo kwa Bunge la Kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia mwisho wa Aprili, nayo hayapitishwi bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Tuna wadi 20. Mikutano hiyo hujaa watu wanaotaka barabara na maji, na ni haki yao. Safari hii tujaze na wa nauli.

Usiende na hotuba. Keti na mwanao usiku mmoja kabla, uandike kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii: anapandia wapi, anashukia wapi, saa ngapi, analipa kiasi gani akienda na kiasi gani akirudi, magari mangapi humpita kabla ya kupanda, na wiki iliyopita alikosa shule siku ngapi kwa sababu hiyo. Chukua nakala mbili. Moja mpe mwakilishi wa wadi mkononi, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.